Kenchi Huvunjikia Kwenye Kiungo

Huko Mgwashi, kama katika kata nyingine za Bumbuli, nyumba hukaa kwenye miteremko. Mtu hukata ngazi kilimani, akasawazisha kiwanja, akapandisha ukuta wa tofali za kuchoma hadi kwenye lenta, kisha ujenzi husimama akisaka pesa ya mbao. Kijana anayejifunza useremala wa paa aanzie hapo, kwenye ukuta ulio tupu, kabla hajagusa msumeno. Paa lina kazi mbili zinazopingana: kubeba uzito unaoshuka, na kung'ang'ania nyumba pale upepo wa bondeni unapotaka kuling'oa.

Tuanze na uzito. Kenchi sahili ina mbao tatu kuu. Makombamoyo mawili hupanda kutoka kuta mbili na kukutana kileleni. Boriti ya chini huunganisha miguu yao. Ukiondoa boriti hiyo, uzito wa bati hauishii kushuka tu, bali hutanua miguu ya makombamoyo na kusukuma kuta nje. Ndiyo maana nyumba nyingine hupata ufa karibu na lenta, na mwenyewe akalaumu msingi. Boriti ya chini haipo kwa ajili ya kupigilia dari. Kazi yake ya kwanza ni kuvuta.

Siri nyingine iko kwenye umbo. Pigilia vijiti vinne viwe mraba, kila pembe msumari mmoja, kisha sukuma: mraba unalala upande. Fanya vivyo hivyo kwa vijiti vitatu, na pembetatu haitikisiki mpaka kijiti kivunjike au msumari uchomoke. Nguzo ya kati na mbao za mshazari unazoziona ndani ya kenchi huigawa pembetatu kubwa kuwa ndogo ndogo, ili kombamoyo refu lisipinde katikati.

Sasa vipimo. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 8. Kabla ya lolote, vuta futi kamba pembe kwa pembe juu ya lenta. Vipimo vyote viwili vya mshazari visome mita 10. Vikitofautiana, nyumba imekwenda upande, na bati zitakuumbua. Upana ni mita 6, kwa hiyo kutoka ukutani hadi chini ya kilele ni mita 3. Ukiamua kilele kipande mita 1.5, zidisha kila kimoja kwa chenyewe: 9 na 2.25, jumla 11.25. Kipeuo chake cha pili ni karibu mita 3.35. Ongeza upenu wa sentimita 60, ambao kwa mwinamo huo hula sentimita 67 za mbao, na kombamoyo linakuwa mita 4.02.

Hapo mbao ya futi 12 inakugomea, maana ina mita 3.66 tu. Utatafuta ndefu zaidi au utaunga. Ukiunga, weka kiungo karibu na mahali palipoegemezwa, kamwe si katikati ya nafasi iliyo wazi, na ubane kwa vipande vya mbao pande zote mbili. Usipunguze upenu ili kukwepa hesabu: mvua za masika huku huja na upepo, na ukuta usio na upenu hunywa maji.

Kenchi ya kwanza ipange chini, kwenye uwanja ulionyooka, na iwe kielelezo. Zote zinazofuata zipimwe kwa hiyo hiyo. Fundi anayepima ya tatu kwa ya pili, na ya nne kwa ya tatu, hurithisha kosa la milimita chache mpaka mstari wa kilele unacheza.

Kombamoyo linapokalia mbao iliyolazwa juu ya ukuta, huchongwa pengo ili likae sawasawa. Pengo hilo lisizidi theluthi ya kimo cha mbao. Kwa mbao ya mbili kwa nne, yenye kimo cha sentimita 10, hiyo ni kama sentimita 3. Ukichonga zaidi umeifanya mbao nene kuwa nyembamba pale pale inapobebeshwa mzigo.

Misumari nayo ina adabu yake. Usiipange kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, ipishanishe. Mbao ikipasuka kirahisi, gonga ncha ya msumari kwa nyundo ibutuke kidogo: ncha kali hutanua nyuzi kama kabari, butu huzikata. Kwa mkaratusi uliokauka, toboa kwanza. Na mkaratusi mbichi usiupandishe kabisa, kwani hujikunja ukikauka na kuilegeza misumari. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya tabaka ili hewa ipite, na subiri. Paina ni rahisi kufanyia kazi, lakini bila dawa mchwa na wadudu wanaotoboa mbao wataimaliza.

Imebaki kazi ya pili, upepo. Unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, hasa penye upenu na kwenye kona. Msumari uliopigwa wima kutoka juu huchomoka kwa mvuto huo. Kwa hiyo wakati wa kumwaga lenta, acha vipande vya nondo au waya mnene vimechomoza, uvizungushe juu ya kenchi na kuvikaza. Papi, yaani mbao za kulala zinazobeba bati, nazo zifungwe kwenye makombamoyo, na bati kwenye papi. Kiungo kimoja kikilegea katika mfuatano huo, vingine vyote havisaidii.

Kabla bati hazijapanda, mwenye nyumba apande ngazi na fundi wake, wapite kenchi moja moja: penye kiungo, penye pengo, penye waya. Kasoro iliyoonekana leo hurekebishwa kwa misumari michache. Ikigunduliwa baada ya kuezeka, itabidi bati ziezuliwe, na bati iliyokwisha tobolewa hairudi kuwa mpya.