Neno "Shetani" na Utambulisho katika Sanaa ya George Lilanga

Maonyesho ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yalijumuisha kazi za George Lilanga (1934–2005), Mmakonde mzaliwa wa Masasi aliyechora picha na kupaka vinyago vya mbao rangi za viwandani. Viumbe wake huitwa mashetani. Shina la neno hilo lina asili ya Kiarabu, kiambishi ma- ni cha Kibantu, na umbo linalorejelewa limetokana na uchongaji wa Wamakonde wa uwanda wa Newala na ng'ambo ya Ruvuma. Katika misahafu, shetani ni adui wa binadamu. Kwa Lilanga, mashetani hucheza ngoma na kutaniana. Kwa hiyo, mfasiri anayeliandika "ibilisi" chini ya picha hizo hufuta utambulisho ambao neno limeuhifadhi.