Nasaba ya Baba, Damu ya Wazazi Wawili

  Leo tutaanzia barazani, tupite kwenye makaburi ya zamani, kisha tumalizie maabara ya hospitali.

Hapa Kuze, na Mji wa Kale wote, nasaba si jambo geni. Mtoto akitumwa dukani huulizwa, "Wewe mwana wa nani?" Naye hutaja jina la babake na la babu yake. Ni jambo jema mtoto kujua atokako. Lakini wakati mwingine nasaba hugeuzwa fimbo ya kumpigia mama. Mtoto akionekana ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi wetu twauita siko seli, utasikia: "Kwetu ugonjwa huu haupo. Sisi asili yetu ni ng'ambo. Huu umeletwa na mamake." Na mama akizaa wasichana watupu, lawama ni zake pia. Je, maneno haya ni kweli?

Kwanza tujue urithi unavyopita. Kwa kawaida chembe ya mwili ina vifurushi 46 vya urithi, vinavyoitwa kromosomu. Mtoto hupata 23 kwa mama na 23 kwa baba. Kifurushi kimoja huitwa Y, nacho wanacho wanaume. Mama humpa kila mtoto kifurushi cha X. Baba hutoa X au Y. Akitoa X, mtoto ni msichana. Akitoa Y, ni mvulana. Basi mama hawezi kulaumiwa kwa kuzaa wasichana, na baba naye hachagui.

Kifurushi hiki cha Y hutoka kwa baba hadi kwa mwana, kisha kwa mjukuu, karibu bila kubadilika. Mara chache hutokea kosa dogo. Ni kama mtu anayenakili kitabu kwa mkono akakosea herufi moja: wote watakaonakili kutoka kwake watalibeba kosa lile. Wataalamu hufuata alama hizo ndogo na kujua akina baba wa kale walipitia wapi. Ukizifuata nyuma kabisa, alama za wanaume wote duniani hukutana Afrika. Hata mababu wa Mwajemi na Mwarabu walitoka bara hili, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Sasa twende makaburini. Mwezi wa Machi 2023, wataalamu, akiwemo Mkenya Profesa Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa hapa jirani, Manda na Faza kule Lamu, na Kilwa kule Tanzania. Waligundua kwamba yapata mwaka 1000, familia za Kiafrika na za Kiasia zilianza kuoana. Y ya wanaume wengi ilikuwa ya upande wa Asia, hasa Uajemi. Baada ya mwaka 1500 hivi, urithi wa Uarabuni uliongezeka. Lakini upo urithi mwingine ambao mtoto huupata kwa mama peke yake, na huo karibu wote ulikuwa wa Kiafrika. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya urithi wote ilitoka kwa Waafrika, na hasa kwa akina mama.

Maana yake ni hii: akina baba wengi walikuja kwa majahazi, wakakuta akina mama wenyeji. Mabibi hao ndio waliolea, na watoto wakakua wakisema Kiswahili, lugha ya Kiafrika. Wazee wa Mombasa nao husimulia kwamba kabla ya Shehe Mvita, mji huu ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Mkisi.

Hata hivyo, mifupa ya Mtwapa haisemi lolote juu ya jirani yako wa leo. Kila nyumba ina safari yake. Tena Y ni uzi mmoja tu katika leso nzima. Ukihesabu vizazi kumi nyuma, nafasi za wazazi wako ni 1,024. Y humfuata mmoja tu kati yao. Wengi kati ya wale wengine, wake kwa waume, nao wana sehemu yao katika damu ya mwanao.

Hapo ndipo tunafika maabara. Siko seli haipiti kwenye Y. Ili mtoto augue, sharti apokee kasoro hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mzazi mwenye kasoro moja tu huwa mzima, na aweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Na kasoro hii si ya Afrika pekee. Hupatikana pia Uarabuni na Bara Hindi, hasa palipokuwa na malaria nyingi, kwa sababu mwenye kasoro moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Basi "asili yetu ni ng'ambo" si kinga. Na wanapooana watu wa ukoo mmoja, kama binamu, uwezekano wa wote wawili kuwa nayo huongezeka.

Ufanye nini, mama? Uliza pande zote mbili, kwako na kwa mume: kuna aliyekuwa akiumwa viungo mara kwa mara, akiishiwa damu, au mtoto aliyefariki mdogo kwa namna hiyo? Kabla ya ndoa, vijana wote wawili wapimwe damu. Mtoto mchanga akivimba mikono na miguu, akiwa na macho ya manjano, au akipungukiwa damu kila mara, mpeleke akapimwe. Akigunduliwa, mpe maji ya kutosha, alale ndani ya neti, apate chanjo zote na dawa alizoagizwa na daktari. Akipata homa, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.

Na wewe baba, kama unatusikiliza, nenda naye. Kipimo chako ni nusu ya jibu.

Mambo ya kukumbuka:
- Jinsia ya mtoto hutokana na mbegu ya baba. Mama asilaumiwe.
- Y huonyesha njia ya baba mmoja kati ya wazee wengi.
- Siko seli hutoka kwa wazazi wote wawili. Pimeni wote wawili.

Kesho ukisikia barazani, "Huu umeletwa na mamake," wajibu kwa upole: umeletwa na wawili, na wawili tutamlea.