Chungu Kikubwa na Hesabu ya Maji

Kikombe cha udongo hata mwanagenzi hukifikisha motoni salama. Chungu cha pombe ya ndizi, cha lita sitini hivi, ni habari nyingine: huweza kuharibika mara kadhaa kabla ya kuonja moto, na karibu kila mara mkosaji ni maji.

Udongo wenyewe si haba. Milima ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania, ni miamba iliyotokana na tope lililotuama na kugeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 1,300 iliyopita. Mvua imeimung'unya na kuishusha mabondeni, kuelekea mito Ruvuvu na Kagera, ikawa tope tena, laini na lenye chuma tele. Mashariki mwa Biharamulo kuna itale, ambayo ikioza huacha udongo wenye chengachenga za mchanga.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa, nyingi zina upana usiofika sehemu mbili za elfu za milimita. Maji yakipenya kati yake huteleza kama karatasi zilizolowa, ndiyo maana udongo hufinyangika. Ndiyo maana pia chungu kikubwa hakijengwi kwa siku moja. Kamba ya udongo hulazwa juu ya nyingine, kisha mfinyanzi huacha sehemu ya chini ikaze, la sivyo chungu chote kitabonyea kwa uzito wake. Lakini akichelewa mno, kamba mpya itaendelea kunywea wakati ile ya zamani imekwisha kunywea, na ufa utapita palepale zilipoungana.

Kunywea huko si kidogo. Udongo mwingi hupoteza asilimia 5 hadi 10 ya urefu wake, kwa hiyo chungu cha sentimita 60 chaweza kupungua sentimita 3 hadi 6. Unene nao una adhabu yake: ukuta ukiwa mnene maradufu, maji ya katikati huhitaji takriban mara nne ya muda kutoka. Kwa maoni yangu hapa ndipo fundi anapojulikana, kwa ukuta mwembamba kwenye chombo kipana. Vigae vilivyotwangwa, vikichanganywa na udongo, husaidia: havinywei tena, huupa mvuke njia na huzuia ufa usisafiri.

Maji yaliyobaki yakichemka ghafla hupanuka zaidi ya mara 1,600, na chungu hupasuka kwa kishindo. Hivyo moto huanza taratibu. Kati ya nyuzi 450 na 600 za sentigredi hutoka maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, na baada ya hapo udongo haurudi tena kuwa tope. Moto wa wazi wa kuni na majani kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900. Hewa ikitosha, chuma hukipa chungu wekundu; moshi ukizidi, huwa cheusi.

Maarifa ya udongo ni ya kale mkoani Kagera. Huko Katuruka, karibu na Ziwa Victoria, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua vigae vya ufinyanzi wa kale uitwao Urewe pamoja na mabaki ya uyeyushaji chuma, vyote vya zaidi ya miaka 1,500. Mirija ya udongo iliyopeleka hewa tanuruni ilikabili joto la zaidi ya nyuzi 1,200, ambalo vyungu vingi vyekundu visingelistahimili.

Chungu kikishachomwa, maji hugeuka rafiki. Mtungi huvuja jasho kupitia vitundu vyake, na jasho likikauka hubeba joto. Gramu 100 zikifuka kwenye mtungi wa lita 20, zinaweza kuyapoza maji kwa karibu nyuzi 3, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa ikiwa kavu. Siku hizi baadhi ya wanunuzi hupaka mitungi rangi ya mafuta ili ing'ae sebuleni. Vitundu huziba, na maji yake huwa vuguvugu sawasawa na ya ndoo ya plastiki, tena ndoo ni nyepesi zaidi kubeba.