Kiazi cha Mwakani

Mvua zikishakolea kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, okidi iitwayo Disa ochrostachya huchomoza juu ya nyasi: shuke refu la maua madogo, njano inayoelekea rangi ya chungwa, yenye madoa mekundu. Mtalii wa Hifadhi ya Kitulo, kwenye nyanda hizo, huinama kupiga picha. Kwa mchimbaji, ua ni alama ya mahali pa kupiga jembe.

Anachokitafuta kiko chini. Okidi za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, ndizo zinazosakwa zaidi, huwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Kingine kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji huchukua kile kigumu. Hata akikifukia tena kile kilichosinyaa, amerudisha ghala tupu. Na kwa kuwa ua ndilo lililomwelekeza, mara nyingi mmea hung'olewa kabla haujamwaga mbegu. Mbegu zenyewe ni kama vumbi, hazina chakula ndani. Haziendelei mpaka zikutane na kuvu wanaozifaa udongoni, kisha mche hukaa miaka kadhaa ndipo uchanue. Si mhogo huu, uchomeke kipande ukaenda zako.

Viazi huvushwa kwenda Zambia. Huko hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukachanganywa na wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, ukapikwa hadi ukashikana na kukatwa vipande. Hiyo ndiyo chikanda, chakula cha asili cha Wabemba. Mama aliyechimba vya kutosha chungu kimoja hakuimaliza mbuga, na sioni kosa lake. Mambo yaligeuka chikanda ilipohamia Lusaka na miji mingine, ikawa kitafunwa cha kuuzwa sokoni. Okidi za Zambia zikapungua, wanunuzi wakageukia nchi jirani. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio yao: viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka.

Sheria zipo. Biashara ya kimataifa ya okidi za porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES, hivyo kuvusha bila kibali ni kosa. Mwaka 2005 Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba zipatazo 412. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini okidi hazijui mpaka wa hifadhi. Nyingi huota kwenye vilima na miombo ambako hakuna askari wa doria, na huko huko zinagombea ardhi na mashamba ya viazi mviringo na misitu ya misindano, ambayo kivuli chake hazikivumilii.

Kumkamata mwanakijiji mwenye gunia moja ni rahisi kuliko kumfikia anayeyakusanya magunia, na ndiyo maana ulinzi peke yake, kwa maoni yangu, hautaizuia biashara hii. Kinachokosekana ni shamba. Chikanda imekuwa bidhaa ya mjini, ilhali malighafi yake bado inachimbwa porini. Kila kiazi kigumu kwenye kapu la sokoni ni mmea mmoja ambao mwakani hautachanua.