Mwili kujibu si moyo kukubali

Kuna swali ambalo mwanamke aliyebakwa anaweza kulibeba miaka mingi bila kumwambia mtu: «Kama sikutaka, mbona mwili wangu ulijibu?» Hapa kwetu Kibumba, ambako vita vimetukimbiza mashambani zaidi ya mara moja, swali hili si la vitabuni. Na jibu lake lipo.

Mwaka 2010 mtafiti wa Kanada, Meredith Chivers, na wenzake walikusanya tafiti 132 zilizofanywa juu ya wanawake zaidi ya 2,500 na wanaume zaidi ya 1,900. Watu hao walionyeshwa au kusikilizishwa mambo ya mapenzi. Vyombo vikapima mwili, kisha kila mtu akasema mwenyewe anavyosikia moyoni. Kwa wanaume, mwili na moyo mara nyingi vilisema jambo moja. Kwa wanawake, vilitofautiana sana: mwili uliweza kujibu hata moyo ukiwa haumo.

Si kwamba mwanamke anadanganya. Wataalamu kadhaa wanaona huo ni ulinzi: mwili unajilainisha wenyewe ili usiumizwe. Moshi wa jikoni ukiingia jichoni, machozi yanatoka. Nani atasema mama analia kwa huzuni?

Basi tushike mambo matatu.

Kwanza, aliyebakwa hana kosa, mwili wake uwe ulijibu au la. Ni vilevile kwa mvulana au mwanaume aliyetendewa hivyo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 inaangalia nguvu, vitisho na kulazimishwa.

Pili, afike kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Hata saa hizo zikipita, aende: bado kuna matunzo mengine na mtu wa kumsikiliza.

Tatu, ni la nyumbani. Bwana asisome mwili wa bibi yake akadhani amepata jibu. Jibu liko mdomoni, amuulize, amngojee. Na bibi naye aweze kusema «leo hapana» bila kuogopa ugomvi.

Mama, usiufiche ukurasa huu. Msome pamoja na baba watoto jioni, watoto wakilala. Na kama swali lile ni lako, lipeleke kwa muuguzi au mama unayemwamini. Usilibebe peke yako.