Kwa Nini Mchezo Hukwama Hewani

Likizo iliyopita nilikaa majuma matatu kwa mjomba wangu, mwenye bohari ya vipuri katika Zone Industrielle hapa Bujumbura. Ofisini ana mashine ya michezo, PlayStation 5, lakini jioni televisheni ni ya walinzi na mpira wao, wala hapana awezaye kuwaondoa. Basi akanunua PlayStation Portal, kifaa cha mkononi kilichotolewa na Sony mwaka 2023. Mchezo huendeshwa na ile mashine kubwa. Picha hutumwa kwa waifai hadi mkononi, na amri za vidole hurudi kwa njia ile ile.

Ofisini mambo yalikuwa mazuri. Nilipokwenda kukaa kibandani mlangoni, hatua arobaini hivi, picha zikavunjika-vunjika, na mchezaji wangu akawa anakimbia hata baada ya kuachia kidole. Mjomba akasema, "Mtandao wetu ni mdogo," akataka kulipa bei ya juu zaidi kila mwezi. Lakini yeye ndiye anayemlipia mdogo wangu karo, na nilijua fedha zingetoka wapi. Nikamwambia, "Mjomba, tafadhali ungoje kwanza."

Sony husema megabiti 5 kwa sekunde ndicho kiasi cha chini, na 15 ndicho kifaacho. Sisi tulikuwa na zaidi ya hapo. Tena, kifaa na mashine vikiwa kwenye ruta moja, picha hazina haja ya kutoka nje ya ua. Kulipia njia pana ya kwenda Ulaya kungesaidia nini?

Wengine watauliza: mbona filamu ilionekana vizuri pale pale kibandani? Filamu huweka akiba. Simu hupokea sekunde nyingi za mbele, na hewa ikichafuka kidogo, hula akiba hiyo nawe usijue. Mchezo hauwezi kuweka akiba, maana picha ijayo yategemea kidole ambacho bado hujakibonyeza. Picha ni 60 kwa sekunde. Kila moja ina nafasi ya sehemu 17 hivi za elfu za sekunde. Ikichelewa, haina faida tena.

Na hewa ya waifai ni kama baraza: katika njia moja husema mmoja tu. Kila chombo husikiliza kwanza, kisha husema. Wawili wakisema pamoja, maneno hupotea na hapana budi kurudia. Simu iliyo mbali husema polepole, hivyo hukaa na zamu muda mrefu, na wengine wote wangoje. Simu za walinzi zilikuwa tano. Zaidi ya hayo, katika masafa ya gigahezi 2.4 njia zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, nasi tuliyaona majina ya ruta za majirani kumi na moja. Halafu kuna mabati! Chuma hurudisha mawimbi ya redio, na kule Zone Industrielle kuta na mapaa mengi ni mabati.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Mashine nayo ilikuwa kwenye waifai, kwa hiyo kila picha ilisafiri hewani mara mbili: kutoka mashine hadi ruta, tena kutoka ruta hadi kifaa. Tuliiunga mashine kwa waya, na safari moja ikaondoka. Kisha tukahamia gigahezi 5, penye njia nyingi zaidi. Ofisini na uani mchezo ukawa laini kabisa. Kibandani ukawa mbaya kuliko kwanza, kwa kuwa masafa hayo hushindwa na kuta upesi zaidi. Mjomba alinicheka sana.

Mwishowe alinunua waya wa mita 30 na ruta ndogo ya pili, tukaiweka kibandani. Alilipa mara moja tu, na karo haikuguswa.

Nilijaribu pia kucheza kutoka nyumbani Buyenzi, mashine ikiwa bohari. Hapo ndipo mtandao wa kulipia unapohusika, hasa kasi ya kupeleka, ambayo watu wengi hawaiulizi wakinunua. Ya mjomba ni ndogo. Mchezo wa karata ulichezeka. Wa mpira haukuchezeka.