Kengele za Mechelen na Ujuzi Uliozikwa Mara Mbili



Katika parokia zetu nyingi kengele ni kipande cha reli au rimu ya lori iliyotundikwa mtini, na katekista huigonga kwa chuma. Huko Mombasa, mtaa wa Kengeleni ulipata jina lake kwa kengele ya wamisionari wa Kianglikana wa Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, iliyowekwa kuwaonya watu hatari ikija. Lakini ziko kengele zinazopigwa nyimbo kamili kama kinanda, na habari yake inatuhusu sisi wa vikundi kuliko unavyodhani.

Chombo hicho huitwa kariloni. Ni kengele zisizopungua 23 juu ya mnara, kila moja na sauti yake. Zenyewe haziyumbi. Mpigaji hukaa ndani ya mnara mbele ya safu ya vijiti vya mbao, akivipiga kwa ngumi, na vingine akivikanyaga kwa miguu. Kila kijiti kina waya unaovuta ulimi wa kengele yake. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani anapigana na mtu! Kariloni ya kwanza inayojulikana kupigwa kwa vijiti hivyo ilikuwa mjini Oudenaarde, Ubelgiji ya leo, mwaka 1510.

Mashuhuri kuliko nyingi ni ile ya kanisa kuu la Mtakatifu Rumbold mjini Mechelen, kati ya Brussels na Antwerp. Mnara wake ulianza kujengwa 1452. Walikusudia ufike mita 167 hivi, ukaishia 97. (Kumbe miradi isiyomalizika si yetu peke yetu.) Kupanda juu ni ngazi 538. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Januari 1687 mlevi mmoja aliona mnara unawaka, akapiga kelele, na mji mzima ukatoka, ndoo za maji zikipitishwa mkono kwa mkono. Walipokaribia juu, moto ukawa haupo. Ilikuwa ni mbalamwezi tu kwenye ukungu! Mpaka leo watu wa Mechelen huitwa wazima-mwezi.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe. Kengele huyeyushwa kwa shaba, karibu sehemu nne, na sehemu moja ya bati, yaani lile madini laini jeupe, si mabati ya kuezekea. Kuipata kengele inayolia si kazi kubwa. Kazi ni kwamba kila kengele hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, na tano kati ya hizo husikika zaidi. Zisipopatana, kengele 40 zikilia ni kama kwaya ambayo kila mtu amekuja na wimbo wake.

Waliofumbua jambo hili ni ndugu wawili wafua kengele, François na Pieter Hemony, wakisaidiwa na Jacob van Eyck wa Utrecht, mpiga kariloni aliyekuwa kipofu. Huyu kipofu aliweza kuiamsha sauti moja moja ndani ya kengele kwa kupiga mluzi karibu nayo, bila kuigusa. Alisikia wasichosikia wenye macho. Akina Hemony wakajifunza kukwangua chuma kidogo kidogo upande wa ndani mpaka zile sauti tano zipatane. Mwaka 1644 mji wa Zutphen, Uholanzi, ulipata kariloni ya kwanza iliyopatanishwa vizuri. Kengele nyingi za kariloni ya zamani ya Mechelen ni za Pieter, za mwaka 1674.

Pieter alikufa 1680, na ujuzi ukaenda naye kaburini. Karne iliyofuata fundi wa Leuven, Andreas Jozef van den Gheyn, aliufikia tena. Naye akafa 1793, ukapotea mara ya pili. Miaka 100 ikapita, miji ikilipa pesa nyingi kwa kengele zisizopatana. Ni mnamo 1895 na 1896 ambapo mchungaji mmoja Mwingereza, Arthur Simpson, alichapisha gazetini uchunguzi wake juu ya zile sauti tano, wafua kengele wa familia ya Taylor mjini Loughborough wakaufanyia kazi.

Niliwahi kutembelea kikundi kimoja cha maji ambacho pampu yake ilikuwa imenyamaza miezi minne. Haikuwa imeharibika sana. Aliyekosekana ni mzee mmoja aliyejua kuifungua na kuifunga, naye alikuwa amehamia kwa mwanawe. Nikauliza kwa nini hakumfundisha mtu. Mama mmoja akanijibu, "Sisi hatukumwomba." Mpaka leo sijui nani alikuwa na makosa zaidi, mzee au wao.

Mechelen alikuwako mtu aliyefanya tofauti. Adolf Denyn, mpiga kariloni wa mji, alipoteza macho, na kijana wake Jef, aliyezaliwa 1862, akashika nafasi yake. Jef alitengeneza upya zile waya na vijiti hadi mpigaji akaweza kupiga polepole na kwa nguvu, atakavyo. Mwaka 1892 alianza kupiga kila Jumatatu jioni wakati wa kiangazi, watu wakawa wanakuja kusikiliza. Angeweza kuishia hapo na sifa zake. Lakini mwaka 1922, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani, alifungua chuo cha kufundisha kariloni, cha kwanza duniani, akakiongoza mpaka alipofariki 1941.

Chuo hicho kina jina lake na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mwaka 1981 mnara uliongezewa kariloni mpya ya kengele 49, na ile ya zamani, yenye 49 pia, haikushushwa. Jumatatu jioni za kiangazi bado watu huketi chini ya mnara kusikiliza, wala hawamwoni anayepiga.